Pikapu ya Baba Mkwe na Oili Mbili

Siku mliponiaga, vijana wangu wa gereji, mlinipa galoni ya oili ya sinthetiki, lita nne kamili, imefungwa utepe mwekundu shingoni kama ndama wa maonyesho ya kilimo. Watu wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani ili waone muda unavyokwenda bila wao. Mimi nilipewa oili. Kerubo, mke wangu, aliipokea mlangoni hapa kwetu Kebirigo, akaigeuzageuza, akauliza kama ni ya kupikia. Nilipomwambia ni ya injini aliiweka juu ya kabati, kando ya redio.

Mlisema pia niandike. Mmoja wenu, simtaji, alisema, "Mzee, tuandikie zile stori zako za zamani, lakini zisiboo." Nimejaribu. Sitaandika juu ya vyeo, maana gereji yetu ilikuwa na cheo kimoja tu, cha mshika ufunguo wa stoo. Wala sitaandika juu ya mshahara, maana mtacheka, na mimi sikustaafu ili nichekwe. Nitaandika juu ya swali mnaloulizwa kila siku na ambalo mnalijibu huku mkitazama simu: gari kuukuu litiliwe oili ya kawaida au sinthetiki? Mimi nililijibu vibaya mara moja katika miaka thelathini na minne, na mara hiyo moja ilitosha.

Nilifika mjini Kisii na viatu vya shule na cheti cha ufundi wa magari ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Mwenye gereji, Mzee Sefu, Mungu amrehemu, alikuwa ameinamia injini ya lori la mchanga. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikampa cheti. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akadondosha tone moja nyuma ya cheti changu, akanirudishia, akaniambia nikae juu ya tairi nilitazame mpaka aniite. Nilikaa karibu saa nzima. Aliponiita aliuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona cheti changu kimeharibika.

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanionyesha. Tone la oili ambayo bado ina nguvu hutanuka kwenye karatasi, likaenda na uchafu wake, likawa duara la kahawia lililo sawasawa. Tone la oili iliyochoka hukataa kwenda popote. Weusi wote hubaki katikati, na pembeni hujitokeza pete ya mafuta matupu. La lori lile lilikuwa limebaki katikati kama kifungo cha koti. "Ukimwuliza mwenye gari alibadilisha oili lini, atakutajia siku anayotamani ingekuwa," aliniambia. "Uliza karatasi." Cheti hicho ninacho mpaka leo. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimwonyeshe upande wa mbele.

Mzee Sefu alikuwa mtu wa mji. Babu zake walikuja Kisii na biashara ya nguo wakaoa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba changu, kilichofundishwa darasani na kutamkwa kwa ulimi wa Ekegusii, kilionekana kimeteguka. Alinirekebisha maneno na spana kwa sauti ileile. Ijumaa adhuhuri yeye alikuwa msikitini, Jumamosi mimi nilikuwa kanisani, maana sisi ni Wasabato, na Jumapili wateja Wakatoliki hawakuonekana. Gari lililoharibika Alhamisi jioni lilijifunza subira.

Alikuwa na sheria nyingi, lakini moja aliishika kama swala: galoni ya oili ikishamiminwa, kabla hujafanya jambo lingine, itoboe kwa bisibisi. Galoni nzima iliyo tupu, alisema, ni kishawishi. Leo utaiacha chini ya meza, kesho mtu ataijaza takataka na kuiuza kama mpya. Tulitoboa galoni mpaka kina mama wa sokoni wakaja kulalamika, kwa sababu walizitaka za kuwekea mafuta ya taa. Mzee aliwajibu kwa heshima zote, na akaendelea kutoboa.

Kisha sinthetiki ikaja mjini. Asubuhi moja duka la vipuri lililotukabili lilipanga galoni za rangi ya dhahabu dirishani, na kufikia mwisho wa wiki kila mwenye gari alikuwa mtaalamu. Watu wakagawanyika. Wa oili ya kawaida na wa sinthetiki walikuwa kama Wasabato na Wakatoliki: wote wanakubaliana kwamba ubatizo ni lazima, ila wanagombana juu ya kiasi cha maji. Bwana mmoja wa Kenyenya alituletea gari lililokuwa likitoa moshi wa buluu tangu kifungua mimba wake akiwa chekechea, na sasa kifungua mimba alikuwa na ndevu. "Fundi," aliniambia, "wekea hii gari ile oili ya dhahabu. Iko na uchovu kidogo." Gari lile halikuwa na uchovu, lilikuwa na maradhi. Lilitaka ringi za pistoni, si kinywaji.

Basi niseme niliyojifunza, ndipo niendelee. Sinthetiki ni oili nzuri. Asubuhi za baridi kule Gesima, kwenye mashamba ya chai, inafika juu ya injini upesi, wakati ya kawaida inajikokota kama uji wa wimbi uliolala. Inastahimili joto la kupanda milima, na inachelewa kuchoka. Gari kuukuu lililotunzwa, lisilovuja, lililobadilishiwa oili kwa wakati, litilieni sinthetiki ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu chake, na msiwasikilize wanaosema itapasua injini. Shida ni gari lililoishi miaka mingi na oili ya kawaida iliyocheleweshwa. Ndani mna tope jeusi, na sili, zile pete za mpira za kuzuia oili isivuje, zimekauka zikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Mara nyingi tope hilo ndilo linaloziba nyufa. Ukiingiza ghafla oili inayosafisha vizuri, tope linaachia, gari linaanza kuvuja kila pahali, au mabonge yanakwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Sinthetiki hapo haijaharibu kitu. Imesema ukweli tu, na ukweli ukiingia ghafla katika nyumba ya zamani huwa na fujo zake. Gari kama hilo liendelee na oili ya kawaida, nzito kidogo, ibadilishwe mapema, kila kilomita elfu tatu hivi, mpaka tope lipungue polepole.

Haya yote niliyajua vizuri siku baba mkwe wangu alipoingia gereji.

Mwalimu Mogaka, baba yake Kerubo, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa Gesima, mzee wa kanisa, na mwenye pikapu aliyoinunua Kerubo akiwa darasa la tatu. Pikapu hiyo ilikuwa imebeba majani ya chai, ndizi, mabati ya kanisa na maharusi wengi, sisi wawili tukiwamo. Wakati ninaousimulia ilikuwa na kazi moja kubwa kuliko hizo zote. Mama mkwe alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa figo, na kila Jumanne na Ijumaa alitakiwa kufika hospitali mjini asubuhi ili asafishwe damu kwa mashine. Kiti chake kilikuwa na saa yake; ukichelewa, wa zamu inayofuata anakikalia. Barabara ya kutoka nyumbani kwao ni udongo mwekundu na vilima, na mvua ikinyesha alfajiri hakuna gari lingine la kukuchukua. Injini ile ikikataa, aliyekuwa hatarini si Mwalimu na chai yake. Ni mama.

Mwalimu alikuja na karatasi ya maelezo ya sinthetiki mkononi. Mweka hazina wa kanisa lao, ambaye gari lake lilikuwa jipya, alikuwa amemwambia kwamba yeye hatumii nyingine, na Mwalimu hakuwa mtu wa kushindwa na mweka hazina. Alisimama katikati ya gereji akaisoma karatasi ile kwa sauti, tangu kichwa cha habari mpaka anwani ya kiwanda, mafundi wote wakiwa wameshika spana mikononi. Kisha akaniambia kwamba mama amechoka, barabara ni mbaya, na pikapu inastahili kilicho bora.

Mimi nilikuwa nimeshadondosha tone. Lilibaki jeusi katikati. Nilifungua kifuniko cha kutilia oili, nikapitisha kidole chini yake, kikatoka na tope zito kama lami. Kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kulikuwa na jasho la oili pande zote.

Sasa mtauliza kwa nini sikumwambia tu. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya wakwe. Mwanamume hamkatalii baba mkwe wake neno mbele ya watu, wala hasemi kwamba kitu cha mkwewe kimechafuka ndani. Kwa mama mkwe ndiyo kabisa: nilikuwa sijawahi kula naye meza moja wala kuketi naye kiti kimoja, na salamu zetu zilipitia kwa Kerubo kama barua zinazopitia posta. Kumwambia Mwalimu Mogaka, mbele ya mafundi wanne na yule bwana wa Kenyenya, kwamba injini yake ina tope la miaka ishirini, ingekuwa sawa na kutangaza kwamba nimechungulia chumbani mwake.

Kwa hiyo ningeweza kusema ukweli na kukosa adabu, au kutii na kuiweka injini hatarini. Nikatafuta njia ya tatu, na wakati ule nilijiona mtu mwenye akili sana.

Kulikuwa na galoni ya dhahabu tuliyoimimina asubuhi hiyo kwenye gari la daktari mmoja, nami nilikuwa bado sijaitoboa. Niliingia nayo stoo, nikaijaza oili ya kawaida, ile nzito inayoifaa pikapu kama ile, nikatoka nayo nimeiinua ili baba mkwe aone rangi. Nikamimina polepole. Alivua kofia. Nilipomaliza aliomba palepale mbele ya injini, akamshukuru Mungu kwa kuwapa wanadamu maarifa ya kutengeneza oili ya namna ile. Nikasema amina. Kisha nikaitoboa galoni kwa bisibisi, nikijihesabia kwamba sheria ya Mzee Sefu nimeitii.

Nilijiambia kwamba oili ni sahihi, injini iko salama, na mzee amebaki na heshima yake. Nilitafuta nani ameumia, nikamkosa.

Sabato iliyofuata Mwalimu alitoa ushuhuda kanisani. Alisema pikapu sasa inanguruma kwa upole, inapanda kilima bila kulalamika, na hata harufu yake imebadilika. Wenye magari kuukuu wa Gesima wakaanza kumiminika gereji wakitaka oili ya Mwalimu. Nilitumia wiki nyingi kuwaeleza kwa nini injini zao haziwezi kupewa ile iliyoiponya pikapu ya Mwalimu. Wengine walikasirika wakisema nawabagua kwa kuwa wao hawajanioza binti. Mzee Sefu, ambaye hakujua nilichofanya, alinisifu kwa kusimama imara.

Nililosahau ni ile karatasi ya maelezo. Mwalimu hakuwa ameisoma ili atusomee sisi tu, aliiamini. Iliandikwa kwamba oili hiyo hukaa kilomita elfu kumi. Oili niliyomtilia, ndani ya injini chafu kama ile, mimi niliipa elfu tatu, na nilitarajia atarudi kama ilivyokuwa desturi yake, nami nimbadilishie kwa uongo uleule. Hakurudi. Arudi kwa nini, na karatasi ilisema bado? Gesima mpaka mjini na kurudi, mara mbili kwa wiki, kilomita hujijaza zenyewe. Mara mbili nilimwomba Kerubo amkumbushe baba yake. Mwalimu alimjibu kwamba mumewe ni fundi mzuri, ila hajasoma juu ya bidhaa za kisasa.

Hapo ningeweza kupanda Gesima nikasema yote. Niliogopa. Niliogopa uso wa baba mkwe, niliogopa Kerubo atanionaje, nikajipa sababu: wiki hii kuna mazishi, wiki ijayo wanachuma chai, mwezi ujao nitajua la kusema. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda kilomita elfu nane.

Ikafika Ijumaa moja ya mvua. Taa nyekundu ya oili iliwaka wakiwa kwenye kilima, kabla hawajafika lami. Mwalimu aliiona. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alijisemea gari lina sinthetiki, litavumilia mpaka lami. Injini ikaanza kugonga, kisha ikashika, ikakataa kuzunguka, na magurudumu ya nyuma yakaburuta kwenye matope. Alinipigia simu. "Mkwe, imezima," alisema. "Mama yako yumo ndani." 

Nilichukua gari la gereji, lile dogo la viti viwili, nikaenda kwa mwendo ambao nimewakataza nyinyi nyote. Niliwakuta kando ya shamba la chai, Mwalimu amesimama mvuani, mwavuli ameuelekeza kwenye dirisha la mama ambalo lilikuwa halifungi. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, uso umevimba, kikapu chake cha hospitali mapajani. Alikuwa amekaa hivyo muda wa saa mbili. Gari langu lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu kando yangu. Tulitazamana mimi na Mwalimu, na kwa muda, Mungu anisamehe, tulikuwa tunafikiria chinsoni. Mama mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, akashuka, akaja akapanda gari langu. Kikapu alikiweka katikati yetu, kikawa ukuta.

Tuliteremka mpaka Kisii. Pumzi yake ilikuwa fupi, na kila ilipokatika kidogo nilitazama barabara kwa nguvu zaidi. Tulipofika kiti chake kilikuwa na mtu. Muuguzi alisema tusubiri, pengine alasiri kutapatikana nafasi. Nikakaa kwenye benchi la nje, mikono yangu ikinuka oili, nikajua bila karatasi yoyote kwamba mama huyu akifa, nimemuua kwa adabu.

Nilimpigia Mzee Sefu, nikamsimulia kila kitu. Kwetu jambo zito la wakwe hupelekwa na mshenga, basi nikamwomba awe mshenga wangu, aende kwa Mwalimu anisemee.  "Mficha uchi hazai, Ondieki," alisema. "Oili uliimimina mwenyewe. Na maneno kayamimine mwenyewe."

Alasiri walimpa mama nafasi. Alitoka jioni amechoka lakini anatembea, na mimi nililia nyuma ya ukuta wa maegesho, nikasingizia vumbi, siku ya mvua.

Jumapili nilipanda Gesima pamoja na Kerubo. Mwalimu alinikaribisha sebuleni. Mama alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa mkwe akija. Nilikuwa nimekwangua oili kutoka pikapu iliyovutwa mpaka gereji, nikadondosha kwenye karatasi safi. Nikaiweka mezani. Lile tone halikuwa limetanuka hata upana wa ukucha. Nikaeleza: galoni, stoo, oili niliyoijaza, amina niliyoisema. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini pale sebuleni hapakuwa na pa kuchutama.

Mwalimu aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kama anayetafuta pa kutia alama. Nilingoja anifukuze. Kisha akasema kwa Ekegusii, taratibu, "Hata mimi sikusikia tofauti yoyote kwenye injini. Lakini ulikuwa umeimimina kwa heshima kubwa. Ningesemaje?"

 Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Tangu nimwoe binti yake, mama mkwe hakuwa amenitamkia neno moja bila kumpitia mtu.

"Ondieki," alisema, "heshima yenu nyinyi wawili ilinikalisha kwenye mvua masaa mawili. Siku nyingine mkoseane heshima, mimi nifike."

 Kisha mama mwenyewe akamwita Kerubo alete chai.

Nilichukua likizo nikaifungua ile injini mwenyewe. Chujio la pampu lilikuwa limezibwa na tope mpaka hupitishi hata sindano, na beringi za krenki zilikuwa zimelika. Niliosha kila kitu, nikaweka beringi mpya, ringi mpya, sili mpya zote. Kwa muda huo wote mama alipelekwa na gari la gereji, mimi nikiendesha na kikapu kikiwa katikati. Ringi zikishabadilishwa huanzishwa na oili ya kawaida mpaka zikae, na baada ya hapo injini iliyo safi, yenye sili mpya, haina sababu ya kunyimwa sinthetiki. Nilimweleza Mwalimu haya mbele ya mafundi wote, kwa sauti, nikimtazama. Aliuliza maswali mawili, akakubali. Mbingu hazikuanguka.

Kanisani alisimama tena. Aliwaambia waumini kwamba pikapu iliharibika kwa sababu yeye hakufuata ushauri wa fundi. Ilikuwa kweli tupu, isipokuwa fundi hakuwa ametoa ushauri wowote. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya mwisho ya chinsoni yetu ya zamani, na pengine ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Watu wa Gesima, kwa kumheshimu, walirudi kwenye oili ya kawaida, wenye magari mapya wakiwa mstari wa mbele.

Zile kadi mlizokuwa mkizicheka, ninazozifunga kwenye ufunguo wa kila gari na kuandika oili gani imetiwa na ibadilishwe kilomita ngapi, zilianza mwaka huo. Mlidhani ni uzee. Mzee Sefu alipofariki aliniachia bisibisi yake ya kutobolea galoni, na mimi nimewaachia. Iko kwenye msumari, nyuma ya mlango wa stoo. Nilipita juzi kuwasalimu nikaikuta ina utando wa buibui.

Siku hizi macho ya Mwalimu hayaoni vizuri, na mimi sina kazi, kwa hiyo ni mimi ninayempeleka mama mjini Jumanne na Ijumaa na ile pikapu. Kikapu bado kinakaa katikati, lakini siku hizi mama anaongea, na anaongea zaidi ya nilivyotarajia, hasa juu ya ninavyobadilisha gia. Juzi pikapu ilifikisha kilomita zilizoandikwa kwenye kadi. Nikakumbuka zawadi yenu, nikaishusha kutoka juu ya kabati, nikafungua utepe.

Pete ya kifuniko ilikuwa imeshakatwa, ikarudishwa kwa gundi, kazi safi sana. Nilimimina kidogo kwenye kikombe nikakiacha nje, na asubuhi, pamoja na baridi yote ya huku, nilikiinamisha. Ilijikokota kama uji wa wimbi. Si takataka, ni oili ya kawaida, tena nzuri, ile ya pipa letu la stoo. Nadhani najua ilivyokuwa. Dukani iliisha siku hiyo, au ilikuwa ghali, na mkaona aibu mzee aende bila galoni ya dhahabu. Mlifanya kwa heshima. Hilo ndilo lililonitia baridi kuliko ile ya asubuhi, maana ningeimimina nikaandika elfu kumi.

Siulizi ni nani. Bisibisi mnajua iliko. Oili yenu nimeitia, nawashukuru, na kwenye kadi nimeandika "kawaida, elfu tano" kwa herufi kubwa ili hata asiyeona vizuri aone. Sasa naomba mnijibu kwa maandishi, bila adabu yoyote, kama nimekosea. Kesho ni Ijumaa, na mama anataka kufika.